Ufito wa Baba Mkwe

Aliyekuwa mume wa Mama Fito aliingia kwenye karakana yake ya fimbo bila hodi, akaanza kutikisa fito kama anayeua nyoka.

"Nataka uchukue ufito mmoja umtengenezee baba fimbo ya kuvulia samaki," alisema. "Mrefu, lakini mwepesi. Bega linamsumbua."

Mama Fito, kama wateja walivyomwita, aliendelea kupiga msasa. Huyu ndiye aliyewatangazia watu kwamba mkewe anachezea vijiti, kisha akaenda kuoa mwingine. Leo vijiti vimemwita.

Mwanamume akachomoa ufito mnene, wenye rangi nyekundu inayong'aa. "Huu ndio wenyewe! Mwanamume hashiki unyasi."

Ulikuwa mzito kama mchi. Mzee angerusha mshipi mara chache tu, bega likaomba talaka. Neno "chukua" lilimfika Mama Fito mdomoni. Mpumbavu aachiwe chaguo lake.

Lakini mzee hakuwa na kosa. Hadi leo, wakikutana njiani, humwita "mwanangu".

Mama Fito akauteremsha ukutani ufito aliojiwekea mwenyewe, mweusi, mwembamba, mrefu nusura uguse dari. Akaulaza juu ya kidole kimoja. Ukatulia pale, ncha yake ikitetemeka kwa pumzi zao.

Mwanamume akanyoosha mkono.

"Usiguse," Mama Fito alisema. "Nikishaufunga kishikio na pete za kupitishia mshipi, nitampelekea baba mimi mwenyewe. Wewe, kama utakuwepo kwake, utanifungulia geti."