Ngiri Atembeza Wageni

Hekaya hii ni fupi kama mkia wa mbuzi, na mbuzi mwenyewe yumo.

Ngiri alikuwa mwongoza wageni porini, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Siku moja Bi Mbuzi na Kondoo walimjia kutoka kijijini, wakitaka kutembezwa kwa miguu. Ngiri akawapanga mstari mmoja, akakohoa kikubwa.

"Wageni wangu, sharti la pori ni moja. Mkimwona Simba, simameni mmtazame usoni. Anayekimbia ndiye kitoweo."

"Hata wewe?" akauliza Bi Mbuzi, maana alikuwa mbishi.

"Mimi? Simba mwenyewe hunipisha njia!"

Hawajafika mbali, Simba huyo, katokeza kichakani. Ngiri kumwona tu, mkia juu, mbio! Moyoni alijipa matumaini kwamba Simba angeanza na wageni.

Wageni wakabaki wamesimama, macho usoni pa Simba.

"Mbona hamkimbii?" Simba akashangaa.

"Kiongozi wetu katuambia anayekimbia ndiye kitoweo," akajibu Bi Mbuzi.

Simba akautazama ule mkia ukipotelea nyasini. "Kumbe! Kasema kweli," akasema, akaufuata.

Ngiri aliponea chupuchupu, akajitupa shimoni matako yamechorwa kucha. Simba alipochoka kungoja akaenda zake, Bi Mbuzi akaja kuchungulia.

"Kiongozi," akasema, "sisi tumefuata maneno yako, tumepona. Wewe ulikuwa ukifuata ya nani?"