Mguu, Si Kichwa

"Mguu," sauti ya kwenye simu ilisema. "Kichwa usikiguse hata kidogo. Umenisikia, Loai?"

Alisikia. Sasa ni Ijumaa baada ya alasiri, anafunga kamba za viatu vya barafu katika chumba cha wachezaji cha ukumbi wa barafu, mtaa wa Ghala. Nje jua linachoma mabati ya magereji. Humu ndani mtu akipumua anatoa moshi.

Mkabala naye amekaa Thani. Nani asiyemjua Thani? Mtoto wa mtaa wa Khuwair ya Kusini, misimu kumi na moja katika ligi kuu ya magongo ya barafuni kule Ufini. Kufunga mabao si kazi yake. Yeye mgawaji. Akikipata kile kisahani cheusi, mwenzake hana haja ya kukitafuta. Kinamjia chenyewe kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Leo ni mechi ya kuagana, marafiki wa zamani wamegawanyika pande mbili, na Loai ni beki wa upande wa pili. Kesho Thani anapanda ndege akasaini msimu mwengine.

"Asipande," sauti ilikuwa imesema.

"Zungumza naye kwanza," Loai alijaribu.

"Nshazungumza mpaka ulimi umekauka. Hasikii la mtu. Wewe ndo unaweza kumkaribia, hakuogopi."

Kuna watu hukatai wakikutuma. Ulichokula kwao hakilipiki, hata ukiishi miaka mia.

"Loai!" Thani aliinua uso, akikunja macho kwa ukali wa taa. "Umefika saa ngapi, ndugu yangu?"

"Tumesalimiana sasa hivi, Thani."

"Ah. Kweli."

"Mwacheni mkubwa," golikipa Harub akadakia. "Ufini imempanda kichwani!"

Chumba kizima kikacheka. Loai hakucheka. Msimu uliopita Thani alipigwa kichwani mara mbili, mara mbili akatolewa kwa machela, na mara mbili akarudi kucheza.

Dakika ya tisa kisahani kikamfikia Thani pembeni. Akatazama kulia ili apeleke kushoto. Jicho lile limedanganya mabeki wa Ulaya nzima, lakini Loai amekua nalo. Akaja kwa kasi, kajikunja chini, bega limeelekea gotini.

Mlio ulisikika mpaka viti vya juu.

Thani alilala akikumbatia mguu. "Loai," alisema, bila hasira, kama anayeuliza njia. "Mimi?"

Mwamuzi akamwonyesha Loai mlango. Chupa za maji zikamfuata, na mtu mmoja jukwaani akapiga kelele, "Muuaji!"

Chumbani, peke yake, akapiga simu.

"Umevunjika?"

"Umevunjika. Hatacheza tena."

Loai alisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Masouda, aliyewanyonyesha wote wawili ziwa moja. Kisha akaanza kulia. "Njoo unichukue, baba. Tukamtazame mwanangu hospitali."