Kipoza Kisichovuma

Mfuniko wa kikasha cha kompyuta uligoma kufunga. Fundi aliukandamiza kwa kiganja, akainama kutazama upenyo uliobaki, kisha akaung'oa ule mnara wa bati wenye feni mbili na kuurudisha mezani.

"Huu unapoza kuliko vyote nilivyonavyo," alisema. "Lakini kikasha chako ni kama cha viatu vya mtoto. Labda ununue kikasha kikubwa zaidi."

"Siwezi. Mke wangu ataona, na akiona atauliza."

"Basi tutafute kipoza kifupi." Fundi alichukua rula, akapima kutoka juu ya prosesa hadi ukingoni. "Lakini nani aliisukuma hii prosesa namna hii? Inakimbia kupita kasi ya kiwandani kwa mbali. Unaifanyia nini?"

"Naandika tasnifu."

"Tasnifu ya nini?"

"Mifereji ya maji ya mvua."

"Mifereji," fundi alirudia taratibu. "Kaka, kwa kuandika maneno, hata kompyuta mahututi inatosha. Haya, hainihusu."

Sura ya tatu ya tasnifu hiyo ilikuwa na aya mbili tangu muhula uliopita. Kila jioni baada ya chakula, mteja huyu alijifungia sebuleni, akavaa vipokea sauti masikioni na kwenda kulinda daraja katika mchezo wa vita, dhidi ya watu asiowajua. Huko aliitwa Mzee wa Kona, kwa sababu ya mazoea yake ya kujificha. Mwenzake wa siku zote alijiita Shoka. Shoka hakuwahi kuzungumza, aliandika tu, na risasi zilipoanza alitangulia mbele bila kusita. Mzee wa Kona alimwazia kuwa kijana mwenye mabega mapana, asiye na mke.

Yeye mke alikuwa naye, mwalimu wa hesabu, naye alikwisha kumpa onyo.

"Profesa, nikikukuta unacheza tena, hiyo mashine inakwenda kwa mdogo wangu. Tasnifu utaimalizia kwa kalamu."

Mwalimu hakuwa mtu wa kurudia jambo.

Tatizo lilikuwa feni. Ilikuwa ndogo, na kila vita vilipopamba moto ilivuma kama mashine ya kukaushia nywele. Mkewe aliwahi kuuliza tangu lini kuandika kukavuma. Akajibiwa kwamba takwimu za mvua huchemsha mashine. Alitikisa kichwa, akarudi chumba cha pili kwenye madaftari yake na ile kompyuta kubwa ya shule ya kujazia alama, akafunga mlango. Hakuuliza tena, lakini mumewe alijua kuwa siku moja atauliza.

Jana yake alikuwa amemtangazia kwamba anakwenda kutafuta kipoza kisicho na sauti, kwa ajili yake tu, ili asahihishe kwa utulivu. Mkewe alikataa upesi.

"Usihangaike, Profesa. Mie nimeshaizoea. Ikinyamaza nitashindwa hata kusahihisha."

Maneno hayo yalimchoma. Mwanamke mvumilivu namna hii! Hata hivyo hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, na sasa alikuwa hapa dukani.

"Chukua hiki," fundi alisema. "Kimelala kama sahani, na feni yake ni pana. Feni pana inazunguka polepole na inasukuma hewa ileile ambayo ndogo inaisukuma kwa mayowe. Na umeme wa prosesa nitaupunguza kidogo, isichemke bure."

"Mtu wa chumba cha pili atasikia?"

"Hata wewe mwenyewe itabidi uweke sikio."

Mteja alipumua. Akaunyooshea kidole ule mnara. "Na hilo zigo nani analinunua?"

"Wenye masanduku makubwa. Wiki iliyopita mama mmoja kachukua kama huo. Nikamwonya, mama, feni zake zinavuma. Akasema nyumbani kwake tayari kuna kinachovuma, hakuna atakayetofautisha."

Mteja alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mumewe kiziwi?"

"Au ana shughuli zake," fundi alisema, akipaka pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa.

Jioni hiyo, sahani zilipoondolewa, kila mmoja alikwenda mahali pake na kufunga mlango. Mzee wa Kona aliwasha kikasha. Kimya. Akaingia vitani, na Shoka akawa tayari ameshafika, ameshika katikati ya daraja. Joto lilipanda hadi nyuzi sabini na moja, likatulia hapo. Fundi yule alistahili kuombewa dua.

Akavua vipokea sauti ili aufaidi ukimya.

Kitu kilikuwa kinavuma.

Akatazama joto: sabini na moja. Akaweka kiganja juu ya mfuniko: hakuna mtetemo. Mvumo ukazidi, mzito kuliko ule wa zamani, na adui walikuwa wanamiminika darajani kutoka pande zote mbili. Akilini akaiona prosesa yake ikiyeyuka kama mshumaa. Hakusubiri. Akakibonyeza kitufe na kukishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi na kikasha kikafa kabisa.

Mvumo uliendelea.

Alisimama katikati ya sebule, akageuza kichwa polepole kuelekea chumba cha madaftari. Nyuma ya mlango ule kiti kiliburutwa kwa hasira, ngumi ikatua mezani, na sauti ya mwalimu wa hesabu ikapaa juu ya feni mbili:

"Mzee wa Kona! Umeniacha peke yangu darajani, mwoga mkubwa wewe!"