Nati ya Injinia Shaibu

Dawa ya kuongeza umri hupewa mtu mpaka amalize kazi aliyokabidhiwa. Akimaliza, dawa hukatwa, naye hupumzika milele. Ndiyo maana daraja la Injinia Shaibu halijafunguliwa: limebakiza nati moja tu, nayo iko jikoni, ndani ya kopo la sukari.

"Kesho, mama watoto," humwambia mkewe, Bi Saumu, kila asubuhi.

Leo mjukuu wao alishikwa na uchungu, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Shaibu akafungua kopo mwenyewe. Bi Saumu akaifuta nati kwa upindo wa kanga.

"Nenda, mzee wangu. Mtoto azaliwe akijua daraja hili ni la nani."

Shaibu akavaa kanzu ya Ijumaa, akatoka kifua mbele. Bi Saumu akatenga vikombe viwili vya chai, akasita, akarudisha kimoja kabatini.