Kitambaa cha Fuko

Hadi leo haijajulikana nani alimpa Mbweha hati ya kutunza siri, mnyama anayetangaza msiba kabla mgonjwa hajakata roho. Hati alikuwa nayo, basi zabuni ya kuchimba handaki la siri la Simba akapewa yeye, asiyewahi kuchimba hata shimo la mhogo.

Fuko, ambaye wanawe walikula kwa makucha yake, akakata rufaa kwa Korongo, mwenyekiti wa zabuni.

"Huna hati," alisema Korongo.

"Inapatikanaje, mheshimiwa?"

"Hupewa aliyewahi kufanya kazi ya siri."

"Lakini mimi ni kipofu. Nitaona siri gani?"

"Leo huoni, mzee wangu. Kesho je?"

"Pole, babu!" Mbweha, aliyekuwa amesimama mlangoni, alidakia kwa sauti ya mnadani. "Na lile handaki linaanzia chini ya kitanda cha Simba, linatokea mtoni!"

"Mheshimiwa, umemsikia?"

"Yeye ana hati," alijibu Korongo.

Ikaamuliwa Mbweha asimamie, na Fuko achimbe kama kibarua, akiwa amefungwa kitambaa machoni. Aliyekifunga ni Mbweha, naye alikikaza barabara, maana usalama wa nchi si mchezo.