Nge wa Dereva

Leza, mwanga mkali wa kufutia tatuu, ilipopita, nge aliyechorwa mkononi mwa dereva mstaafu akageuka mweupe kama unga. Ilichoma kama mafuta ya moto, lakini mzee akajikaza kisabuni. Aliyeshika mashine ni bintiye, ndiyo kwanza amefungua kliniki yake. Baba angepiga kelele, wateja wawili benchini wangekimbia.

Punde weupe ukapotea. Nge akarudi, mweusi tii.

"Mzee, umeingizwa mjini!" mteja mmoja akacheka.

"Binti aliniambia mapema nge atarudi," dereva akajibu, kifua mbele. "Wino unatoka kidogo kidogo, miezi kadhaa. Huyu ni mwanangu, na hauzi miujiza."

Binti akampaka dawa, mkono wake umetulia.

Yule mchekaji akaanza kukunja mkono wa shati, tatuu yake ikajitokeza.