Anayemjibu Padre

Jino la seremala lilidondoka juu ya kitabu cha sala kabla mwenyewe hajatambua kwamba amepigwa.

Watu saba walikuwa wamepiga magoti kwenye vumbi la mbao la karakana, wakijifunza kumjibu padre kwa Kilatini kama walivyofanya babu zao. Seremala alikuwa ameruka neno moja tu. Mzee aliyewafundisha aliifuta fimbo yake kwa leso, taratibu, mpaka damu ikatoka yote.

"Anza tena," akasema. "Tangu mwanzo."

Seremala, mtu wa kutania hata msibani, akatema mate mekundu, akaanza tena.

Mkewe, fundi cherehani, alishindwa kuvumilia. Yeye ndiye aliyelianzisha jambo hili lote, siku alipokuta kitabu cha bibi yake chini ya sanduku la nguo, akayasoma maneno ya Misa ya zamani, akalia bila kujua analia nini. Alikusanya wenzake, akatafuta mwalimu hadi miguu ikamuuma. Ndipo mzee huyu, mpangaji wa nyumba ya jirani asiye na mke wala mtoto, aliposimama mlangoni pa karakana na kujibu sala nzima bila kitabu. Wakambandika jina: Mzee Kilatini.

Fundi akamfuata chumbani kwake akiwa amefura.

"Babu, mume wangu si punda."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mikono yake minene imetulia magotini, vifundo vya vidole vimejaa makovu.

"Unajua nilikojifunzia mimi, binti?"

"Seminari?"

Mzee akacheka bila furaha. "Chumba cha chini, hakina dirisha. Miaka ile ya fujo. Miezi saba. Mlikuwa na padre mle, kijana tu. Wakubwa wakashikilia kwamba Kilatini chake ni ujumbe wa siri kwa waasi. Basi kila siku maneno yakarudiwa yote, mwanzo mpaka mwisho. Likipotea neno, waya. Waya wa umeme, umekunjwa mara mbili. Mgongo wa mtu hupasuka kama nyanya, binti. Damu inaruka hadi darini."

Fundi akajishika mdomo.

"Mwisho hata mimi nikayajua. Yeye anasema ya padre, mimi najibu ya mtumikiaji. Ukijifunza hivyo, husahau. Nikisikia neno limerukwa, mkono unakwenda wenyewe."

Fundi aliondoka akilia. Kesho yake alimpelekea shati alilomshonea, na seremala akamwomba mzee radhi kwa pengo lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata kaka yake fundi, kiongozi wa kwaya ya parokia, aliingia karakanani kama mbogo. Waimbaji wake wanne walikuwa wamehamia huku.

"Mungu amekuwa kiziwi wa lugha yetu tangu lini?" akafoka, akaipiga altare teke. Ilikuwa kazi ya miezi miwili ya shemeji yake. Ikapinduka, vinara vikavingirika sakafuni.

Mzee Kilatini akamwendea bila haraka. Alimshika mkono kama anayemsalimia, na kidole kikalia kama kijiti kikavu. Kaka mtu akaenda chini kwa magoti.

"Nani kakutuma?" mzee akauliza kwa upole.

"Hakuna! Mama yangu, niachie!"

Kidole cha pili kikalia. "Polepole. Vuta pumzi. Nani kakutuma?"

Wanaume watatu ndio waliomwachisha. Fundi alivifunga vidole vya kaka yake kwa kipande cha hariri aliyoitenga kwa ajili ya kasula, vazi la padre la Misa.

"Msamehe, kaka," akanong'ona. "Hujui alikopitia."

Kaka yake hakumsikia. Alikuwa amezimia.

Hatimaye ruhusa ya askofu ilipatikana, na padre naye akapatikana: mstaafu, kipofu, mwenye Misa ile yote kichwani. Sista aliyemtunza alimleta Jumapili asubuhi, wamechelewa, karakana imejaa hadi mlangoni. Mzee Kilatini alikuwa ameshapiga magoti mbele ya altare. Alipomwona padre akiongozwa kwa mkono, uso ukamgeuka rangi ya majivu.

Fundi mwenyewe ndiye aliyemvika padre kasula. Akiinyoosha mgongoni, vidole vyake vikapita juu ya matuta ya makovu, mengi, yamepishana toka bega hadi kiunoni. Miezi saba. Chumba kisicho na dirisha. Moyo ukamruka kwa furaha: ni yeye! Alitaka kupiga kelele, awashikanishe wazee wale wawili mikono, lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama. Akajiambia, waache watambuane wenyewe, mbele ya Mungu.

Padre akawapa watu kisogo, akafanya ishara ya msalaba, akatamka maneno ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini hakuna neno lililoyumba.

Mzee Kilatini aliinamisha kichwa. Fundi alikuwa tayari anafuta machozi. Kisha mzee akajibu, na sauti yake nzito ikaijaza karakana.

Pumzi ya padre ikakatika. Mikono yake ikashuka. Akapapasa hewa hadi akaufikia ukuta, akaivua kasula kichwani, ikaanguka, akapandisha shati hadi mabegani, akabandika viganja viwili ukutani, mgongo wazi.

"Sijakosea neno, afande," akasema. "Nayarudia yote, vilevile kama jana."